Aliyekataa Kuyasifu Macho ya Mwanangu

Mtu wa kwanza kumsema vibaya mwanangu ndiye niliyekuja kumwamini kuliko ndugu zangu wa damu. Watu wa Tanga walimwita Bwana Macho, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa daktari, mtu wa milimani huko Usambara, aliyesomea Uganda akarudi na miwani, koti jeupe na ulimi usiojua kuzunguka. Wagonjwa wa kila namna walipita mikononi mwake, lakini watoto wachanga wenye shida ya macho aliwatafuta mwenyewe, kama mtu anayekusanya kuku wake jioni.

Mwanangu Mwanaidi alikuwa bado hajaanza kukaa. Alizaliwa na macho makubwa, na kwetu pwani macho makubwa ni jambo la kupigiwa vigelegele. Siku ya arobaini yake wanawake walipokezana kumpakata, kila mmoja akisema lake: macho ya kwa bibi yake, macho ya Kiarabu, macho ya kuolewa na mwenye duka. Tulimpaka wanja kila asubuhi ili yazidi kupendeza. Paji la uso lilikuwa refu na kichwa kimepanda juu kidogo, basi mama mkwe wangu akawa anakikanda kwa kitambaa cha moto na mafuta ya nazi, akisema kitakaa tu. Kichwa ndicho kilichotupa wasiwasi. Macho tuliyashukuru.

Nilimpeleka hospitali kwa kikohozi. Nimeketi kwenye benchi la ukumbini, mwanamke wa pembeni yangu anamsifu mtoto, mara akapita Bwana Macho. Alisimama, akachuchumaa mbele yetu, akamtazama Mwanaidi kwa muda mrefu bila kutusalimia.

"Nani kakwambia macho haya ni mazuri?" akaniuliza.

"Kila mtu."

"Kila mtu kakosea. Haya yanasukumwa kutoka nyuma. Na wanja huo unanizuia kuona kama yana wekundu. Kamwoshe uso, umlete chumbani kwangu."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nilimbeba mtoto wangu nikaondoka, kikohozi hakikutibiwa. Akanifuata mpaka kwenye ngazi akasema, kwa sauti ya chini sasa, "Mama, akilala leo mchana mtazame kope."

Niliapa sitazami. Mchana Mwanaidi alilala, nikafua nguo ambazo zilikuwa safi, nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, kisha nikaingia ndani nikatazama. Kope hazikukutana. Katikati yake palibaki ufa wa weupe, mkavu, na nzi alikuwa akizungukazunguka hapo. Nilikuwa nimeuona ufa ule tangu alipozaliwa, na siku zote niliuita usingizi. Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwa yule bwana, mtoto kaoshwa uso.

Hakusema "nilikwambia." Alisema, "Vua bangili."

Lazima nieleze habari ya bangili, kwa sababu wanawake wa Tanga walimchukia kwayo kuliko jambo lolote. Mlangoni kwake kulikuwa na bakuli la bati, na kila mama aliyeingia na mtoto ilimpasa aache humo bangili, vikuku, na kitu chochote kinacholia. Siku za watu wengi bakuli lilifurika dhahabu, fedha na vioo, na sisi tuliokuwa tukingoja nje tulililinda kwa macho makali. Wengine walisema daktari huyu anataka kutuona kama wajane. Lakini alikuwa na sababu yake. Mtoto mchanga akisikia bangili hugeuza kichwa, mama akafurahi, akasema anaona. Bwana Macho alitaka kujua macho yanafanya kazi gani yakiachwa peke yao. Alikuwa na kibonge cha uzi mwekundu kilichoning'inia kwenye kijiti, hakina sauti hata kidogo, akawa anakipitisha mbele ya mtoto kulia na kushoto, juu na chini, polepole.

"Usiniambie anaona," alikuwa akituambia. "Niambie anaona nini."

Alikuja mama mmoja kutoka Pongwe, mke wa mfanyakazi wa shamba la mkonge, na mtoto wake wa kiume mnene, mcheshi. Mama yule alibisha sana kuvua bangili zake. Alizitikisa upande huu, mtoto akageuka. Akazitikisa upande ule, mtoto akageuka. "Umeona?" akasema. Bwana Macho akazipokea bangili zile kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akaziweka bakulini, akapitisha uzi wake. Mtoto akaendelea kutazama ukutani. Mama yule aliketi pale pale chini. Yule mtoto alikuwa na utando kwenye mboni, na baadaye ulitolewa, kwa hiyo hadithi yake haikuishia pabaya. Ila sikumsikia tena mwanamke yeyote akibishana juu ya bakuli.

Kwa watu wazima hakuwa na simile hata chembe. Alimkaripia karani, alimkaripia mfagiaji, alimkaripia mume wangu kwa kumtikisa mtoto juu juu ili acheke. Kwa mtoto mwenyewe alikuwa mtu mwingine. Hakumpima mtoto anayelia. "Jicho likilia halina habari za kunipa," alisema, na hapo angengoja. Mama mnyonyeshe. Mama tembea naye. Mama lala naye hapo kwenye mkeka, kuna haraka gani? Foleni ingejaa mpaka nje, watu wakinung'unika, naye kajilaza kifudifudi kwenye mkeka na koti lake jeupe, kidevu juu ya ngumi, uso kwa uso na mtoto. Akishaona mtoto ametulia alimziba jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Mtoto asiyejali akizibwa la kushoto, na akapiga kelele akizibwa la kulia, amekwisha kusema lipi analolitegemea. Mwanaidi alisema hivyo mapema sana.

Kisha ilikuja dawa ya matone, ya kuipanua mboni, na kungoja tena, na baada ya hapo chumba cha giza. Chumba chenyewe kilikuwa cha kuwekea mablanketi. Humo ndani alikuwa akichungulia nyuma ya jicho kwa kurunzi yake ndogo yenye tundu, pua yake karibu igusane na pua ya mtoto, na huku akiimba. Aliimba nyimbo za kanisani kwao, za Kilutheri, kwa Kishambaa, na sauti yake ilikuwa mbaya wallahi. Watoto waliipenda. Mama mkwe wangu hakuipenda. Alikuwa akija nami kila mara, kajifunga buibui lake, ameketi juu ya mablanketi akisoma dua chini kwa chini kuuzuia ule wimbo.

"Nahofia mtoto atabatizwa kwa masikio," aliniambia njiani.

Bwana Macho alijua. Siku moja alikatiza wimbo akasema, "Bibi, wewe soma yako, mimi niimbe yangu. Mtoto huyu anazihitaji zote." Tangu hapo walikuwa wakianza pamoja.

Habari za kichwa alinieleza siku ile ile ya kwanza. Aliushika mkono wangu akauweka utosini kwa Mwanaidi, kisha akaniambia nipapase kichwa cha mtoto wa jirani yangu kwenye foleni. Cha yule kilikuwa na sehemu laini inayopwita. Cha wangu kilikuwa kigumu, na kutoka sikio hadi sikio palikuwa na tuta.

"Kichwa cha mtoto mchanga kina vipande," alisema. "Kati ya vipande kuna nafasi, inangoja ubongo ukue. Nafasi za huyu zimejifunga kabla ya wakati. Ubongo unakua, chumba hakikui."

"Sasa utakwenda wapi?"

"Ndiyo hilo. Unasukuma macho mbele. Na unaubana mshipa unaochukua habari za jicho kuzipeleka ndani. Mshipa ule ukibanwa kwa muda mrefu unakufa. Mtoto hatalia, hatakuwa na homa, atacheza kama kawaida, mpaka siku moja aamke haoni. Kwa hiyo kila mwezi nitautazama mshipa. Ukivimba, nitakwambia."

Mama mkwe aliirudisha mikono yake ndani ya buibui. Kisha akauliza, na sauti yake sikuwahi kuisikia ikiwa ndogo vile, "Ni kukanda kwangu?" Kumbe majirani walikuwa wamekwisha kumsema, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

"La, bibi. Kilikuwa hivi tangu tumboni. Mikono yako haikukifunga, wala haiwezi kukifungua."

Mama mkwe alifarijika na kuudhika kwa pamoja. Alirudi nyumbani akiwa amenyooka mgongo, na kesho yake akakikanda kichwa kama kawaida. Bwana Macho alipoambiwa alisema mwacheni, mafuta ya nazi hayana ubaya, ila wanja asirudie. Na hapo napo alikuwa na mambo yake, maana wanja kwa wanawake wazima aliupenda. Ukiingia chumbani umejipaka vizuri alikwambia umependeza, bila aibu. "Wanja ni wako, jicho ni lake," ndivyo alivyosema.

Mtu huyu aliyeshinda anachungulia macho ya watu alikuwa na hofu moja ya kuchekesha. Aliogopa maji. Kwenda ng'ambo ya Pangani ni lazima uvuke mto kwa pantoni, na yeye alikuwa akivuka amefumba macho, ameshika chuma cha pembeni kwa mikono yote miwili. Binamu yangu wa Mwera alisafiri naye siku moja. Anasema mabaharia walimwambia, "Fumbua, daktari, tumeshafika," wakati pantoni iko katikati ya mto, naye akafumbua, akafumba tena, na hakuwasemesha mpaka ng'ambo. Lakini alivuka. Alivuka zaidi ya mara moja, kwa ajili ya mtoto wa Ushongo.

Mtoto wa Ushongo alikuwa wa kiume, kichwa chake kama cha Mwanaidi. Mama yake alimleta akapimwa, akamleta tena, kisha akakoma. Mtoto alikuwa amenenepa na anacheka, kwa nini amsumbue na safari ya basi? Bwana Macho alimtumia salamu kwa watu wa samaki, hakuja. Ndipo alipopanda basi mwenyewe, akavuka na macho yake yaliyofumbwa, akatembea mchangani hadi kwao. Mtoto alitabasamu aliposikia sauti yake. Uzi mwekundu ulipopita mbele yake aliendelea kutabasamu vile vile, macho yamesimama.

Mwezi ule nilipompeleka Mwanaidi, hakuimba. Mama mkwe alisoma dua yake peke yake, kisha akaikatiza akauliza, "Leo huimbi, daktari?"

"Wa Ushongo tumechelewa, bibi," alisema, akazima kurunzi, akakaa nasi gizani kidogo kabla ya kufungua mlango.

Tangu hapo mzazi aliyekosa siku yake alifuatwa nyumbani. Mimi nilikosa mara moja, nilikuwa na harusi ya mdogo wangu. Jioni nikarudi kwetu Ngamiani na hina mbichi mikononi, nikakuta baiskeli imeegemezwa kibarazani na Bwana Macho ameketi kwa mama mkwe anakunywa kahawa, uso umekunjwa. Alimpima Mwanaidi chumbani kwetu, madirisha tumeyaziba kwa kanga, huku ngoma za harusi zikisikika mtaa wa pili. Nilimchukia sana jioni ile. Hina ilikuwa haijakauka, nikaharibu shuka kwa kumshika mtoto.

Siku mshipa ulipovimba, nilijua kabla hajasema. Alitazama jicho la kulia, akatazama la kushoto, akarudi la kulia. Wimbo ulikatika katikati ya neno.

"Nairobi kuna daktari anayeweza kufungua fuvu," alisema. "Anakata vipande vyembamba vya mfupa pale palipojifunga, kichwa kipate nafasi. Aende mwezi huu."

Jioni alikuja nyumbani kuongea na mume wangu, fundi wa karakana ya reli, mtu mpole ambaye hajawahi kumpinga mama yake kwa lolote. Na mama yake alikataa. Alikataa amesimama, mkono kiunoni.

"Kichwa cha mtoto hakipasuliwi kama nazi. Mtoto anacheka, anakula, anatambaa. Kama Mungu kampa macho dhaifu, ataishi na macho dhaifu. Nani kati yenu kauona huo uvimbe? Ni yeye tu, na kitundu chake."

Mume wangu alinitazama, mimi nikamtazama daktari. Nilitegemea atawaka. Alikunywa kahawa yake akaimaliza.

"Umesema kweli, bibi. Ni mimi tu niliyeuona. Kesho mje wote, utazame mwenyewe."

Kesho yake alimtia mume wangu matone, akamketisha chumba cha mablanketi, akampa mama mkwe ile kurunzi. Sijapata kuona daktari mwingine akimpa mtu chombo chake. Alisimama nyuma yake akimzungushia kigurudumu cha vioo mpaka kilipolingana na macho yake ya kizee. Mama mkwe alimshika mwanawe kidevu kama alivyokuwa akimshika utotoni.

"Unaona nini, bibi?"

"Wekundu. Giza. Ngoja. Naona nyuzi, nyuzi nyekundu."

"Ni mishipa ya damu. Zifuate mpaka zinapokutana."

Alizifuata. Mume wangu alikuwa anatokwa machozi na hathubutu kupepesa.

"Naona duara," mama mkwe alisema. "Jeupejeupe, kama chai ya maziwa."

"Kingo zake?"

"Zimekaa vizuri. Kama zimekatwa kwa mkasi."

"Huo ndio mshipa wa mwanao, mzima. Sasa mtazame mjukuu wako."

Mwanaidi alikuwa amelala mapajani mwangu, ameshiba. Daktari alimfunua kope kwa kidole. Mama mkwe aliinama, na alikaa hapo muda mrefu mpaka mgongo ukaanza kumtetemeka, akapiga magoti, akaendelea. Alipotea njia, akarudishwa, akapotea tena. Hakuna aliyemharakisha.

"Duara halina kingo," alisema mwishowe. "Limeumuka. Limeumuka kama andazi."

Alimrudishia daktari kurunzi yake, akajifunga buibui upya, akamgeukia mwanawe aliyekuwa akipapasa ukuta kutafuta mlango kwa sababu ya matone.

"Gari moshi la kwenda huko linaondoka lini?" akauliza.

Ndivyo alivyokuwa Bwana Macho. Angeweza kutushinda kwa maneno, maneno alikuwa nayo, lakini alijua mama mkwe wangu asingelala usingizi kwa maneno ya mtu. Nimeishi na wasomi wengi baadaye, na sikuona tena mtu anayeuacha ubishi ukutane na kitu chenyewe.

Kabla ya safari nilimwomba aniahidi. Nilimshika mkono, kitu ambacho sikupaswa kufanya. "Niambie atapona," nilimwambia.

"Siwezi. Anaweza kufa mezani. Asipokwenda atapofuka, na huenda akafa pia. Sina zaidi ya hayo, mama Mwanaidi."

Nilimchukia kutoka Tanga mpaka tulipobadili gari, na kutoka hapo mpaka Voi. Kila kituo nilikuwa nikimtungia matusi mapya. Nairobi kulikuwa na baridi, na wakamchukua mwanangu kutoka mikononi mwangu wakanionyesha mahali pa kuketi. Sitaki kusema mengi juu ya kungoja kule. Niliogopa, basi. Niliogopa mpaka nikasahau jina la mtaa wetu nilipoulizwa. Walimrudisha akiwa amefungwa kichwa chote kwa bendeji, hai, amevimba uso, na kitu cha kwanza alichofanya usiku ulipokwisha ni kudai titi.

Tuliporudi, Bwana Macho alimtazama mshipa bila kuimba. "Kingo zimerudi," alisema. Akatoka nje, akaufunga mlango, tukamsikia akipenga kamasi kwa kishindo. Aliporudi alianza wimbo kutoka mwanzo, na mama mkwe akachelewa kuanza dua kwa sababu alikuwa analia.

Nilidhani yamekwisha. Mwanaidi alitembea, akasema, akawa mtundu wa mtaa mzima. Lakini mfupa uliokatwa unaweza kujifunga tena, na mshipa unaweza kuvimba tena kimya kimya, kwa hiyo kupimwa kuliendelea, mwezi hadi mwezi, kisha kila baada ya miezi kadhaa, mwaka hadi mwaka. Na jicho la kushoto lilikuwa limeanza kukimbilia pembeni. Bwana Macho aliagiza la kulia lizibwe kila asubuhi, ili la kushoto lilazimike kufanya kazi. Hapo ndipo vita vilipoanza. Mwanaidi alikivua kitambaa akakitupa mtungini, akakitupa chooni, akamfunga nacho paka. Watoto wa mtaani walimwita chongo, nami nikawafukuza kwa ufagio. Mama mkwe alikata vipande vya kanga akamshonea vitambaa vinavyofanana na gauni zake, ndipo akakubali. Nilikwenda kumlalamikia daktari kwamba mtoto anachekwa.

"Wewe unalinda sura yake," alisema. "Mimi nalinda jicho."

Kila nilipomuuliza kama amepona, jibu lilikuwa moja: leo anaona. Watu waliniuliza mimi nami nikawajibu kwa fahari kwamba macho yote mawili ni mazima. Kisha siku moja, Mwanaidi akiwa ameanza shule, daktari aliniketisha akaniambia kwamba la kushoto limefika mwisho wake, halitaongezeka, mshipa wake ulibanwa sana kabla ya Nairobi. Kuziba kumefanya kilichowezekana. Nilimsikia vizuri. Nilitoka pale, nikafika sokoni, mwuza nazi akaniuliza hali ya binti, nikamwambia macho yote mazima. Mume wangu nilimwambia nusunusu. Mwanaidi sikumwambia kitu.

Baadaye Bwana Macho alihamishwa bara, na daktari mwingine akawa anampima, mtu mzuri asiyekuwa na wimbo. Ilipita kama miaka miwili. Nikasikia amerudi, yuko Pongwe, anatibu wafanyakazi wa shamba moja la mkonge. Sikungoja aje na baiskeli. Nilimchukua Mwanaidi, sasa binti mrefu wa kunifikia begani, tukapanda basi.

Tulimkuta amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, miwani mizito zaidi. Mwanaidi alimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku amekwisha kuinama kumtazama paji la uso. Nilikuwa nimeshavua bangili zangu kwa mazoea. Nikatangulia kuelekea mlango wa chumba.

"Wewe kaa nje, mama Mwanaidi."

"Nimemleta tangu mchanga, leo ndiyo nikae nje?"

"Leo nina mazungumzo na mwenye macho."

Niliketi kwenye benchi. Harufu ya mkonge uliokamuliwa ilijaa hewani, na vijitoroli vilikuwa vikipita vimejaa majani. Nilitega sikio, nikasikia sauti zao tu bila maneno. Mwanaidi alicheka mara moja.  Alipotoka, daktari aliketi karibu yangu, akavua miwani.

"Mshipa wa kulia ni mzima," alisema. "Kichwa kimepata nafasi yake, sioni tena cha kukisukuma. Sasa atazamwe mara moja kwa mwaka. Nimemwonyesha namna ya kujipima mwenyewe asubuhi, jicho moja moja. Likibadilika lolote atakuwa wa kwanza kujua."

"Na la kushoto?"

"Muulize yeye. Anajua kueleza kuliko mimi."

Nilitaka kumshukuru, akanikatiza, kulikuwa na mtu anangoja na kidole kilichokatwa. Tukaagana hivyo tu, amesimama mlangoni na bendeji mkononi. Sikumwona tena.

Tulitembea kuelekea barabarani, mimi na binti yangu. Tulipozipita nyumba za wafanyakazi nikamwuliza.

"Kakuuliza nini?"

"Kaniuliza la kushoto linaona nini."

"Ukamwambiaje?"

"Linaona mwanga. Mtu akipita linaona anapita, ila sijui ni nani."

Nilisimama. "Tangu lini?"

"Tangu zamani, mama. Tangu siku zote."

"Mbona hukuniambia?"

Alikuwa akipiga kijiwe kwa ncha ya kiatu. "Wewe ulikuwa ukiwaambia watu yanaona yote mawili," alisema. "Nikaona nikuache."

 Nilitazama vumbi la barabara na ule mkono wake mwembamba. Lori la mkonge lilikuwa linakuja, nikazunguka haraka nikaenda upande wake wa kushoto, nikamshika, nikamkinga kwa mwili wangu mpaka likapita. Na lilipokwisha kupita niliendelea kukaa hapo hapo, upande wa jicho lile, nikaazimia moyoni kwamba kuanzia leo hapo ndipo nitakapokuwa nikitembea.

Tulikwenda kidogo, kisha Mwanaidi akanivuta mkono.

"Mama, njoo upande wa kulia," alisema. "Hapo ulipo sikuoni."

Nikapita nyuma yake nikahamia kulia, naye akageuka akanitazama usoni, tukaendelea kwenda kulingoja basi.